Mtetemo wa springi: amplitudi inashuka kwa mstari ulionyooka wakati kitabu kinasema eksponenshali, tatizo liko wapi?

toroli_la_maabara:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii kitu inanisumbua na ripoti natakiwa kuikabidhi. Tumefanya praktiko ya mitetemo inayofifia, hii wanayoiita dampingi. Kuna kitoroli cha masi 0.5 kg kimefungwa kwenye springi, k ya springi (ugumu wake) tuliipima tukapata 20 N/m, kinatembea juu ya reli ya aluminiamu iliyolala sawa kabisa, unakivuta pembeni unakiachia kinaenda kinarudi mpaka kinasimama chenyewe, simu inarekodi video na tunasoma kwenye rula kila kinaporudi upande wa kulia kimeishia wapi.

Nilianzia sm 10.3, halafu kila kinaporudi nikapata 8.2, kisha 6.3, kisha 4.4, kisha 2.3, basi baada ya hapo kikarudi mara moja tu na kusimama.

Sasa karatasi ya maelekezo inasema amplitudi, yaani umbali kinaofika kutoka katikati, inashuka kwa eksponenshali, A = A₀e^(−γt), A₀ ni amplitudi ya mwanzo na γ ni kasi ya kufifia, maana yake ukigawanya kila kipimo kwa kilichotangulia upate namba ileile. Mimi napata 0.80, 0.77, 0.70, 0.52. Hiyo si namba ileile hata ukifumba jicho moja. Msimamizi kaniambia ni makosa ya kusoma rula, lakini nimerudia na umbo la grafu ni lilelile, mstari umenyooka kama nimeuchora kwa rula.

Mengine mawili: kitoroli hakikusimama kwenye sifuri, kimesimama sm 0.3 upande wa kulia, hapo nako nimeambiwa rula ilikaa vibaya. Na muda wa mzunguko mmoja ni sekunde 0.99 mwanzo mpaka mwisho, wakati darasani tuliambiwa dampingi inabadilisha frikwensi. Niandike tu "makosa ya kibinadamu" niendelee na maisha au kuna kitu hapa?

upepo_mkali:
Hewa hiyo mkuu. Eksponenshali inatoka pale ambapo ukinzani unalingana na kasi, F = −bv (v ni kasi, b ni namba ya ukubwa wa ukinzani). Hewa kwenye kitu kikubwa haifuati hivyo, inafuata kasi kipeo cha pili, kwa hiyo lazima grafu yako ikatae. Andika ukinzani wa hewa, hakuna atakayekubishia.

mchora_grafu:
Usiandike hewa na usiandike makosa ya kibinadamu, data yako ni nzuri kuliko karatasi ya maelekezo.

Tuanze na hewa maana ni rahisi kuipima kwa hesabu. Kasi kubwa kabisa ya kitoroli chako ni amplitudi mara ω, na ω, yaani frikwensi ya mtetemo kwa radiani kwa sekunde, ni mzizi wa k/m, yaani mzizi wa 40 ambao ni 6.3, kwa hiyo 0.103 × 6.3 unapata kama 0.65 m/s. Tuseme uso wa kitoroli ni sm za mraba 50 na mgawo wa ukinzani tuuweke 1, hapo hewa inakusukuma kwa kani ya kama 0.0013 N, tena hapo ndo pale kinapokimbia kuliko kote. Shika hiyo namba.

Sasa angalia data yako kwa kutoa badala ya kugawanya. 10.3 toa 8.2 ni 2.1, halafu 1.9, halafu 1.9, halafu 2.1. Kila mzunguko unapoteza sm 2, iwe amplitudi ni kubwa au ndogo. Hiyo ni alama ya vidole ya msuguano mkavu, ule wa magurudumu na reli na ekseli, ambao hauulizi unakwenda kasi gani, kani yake ni ileile tu na kazi yake ni kugeuka uelekeo kila wewe unapogeuka.

Ushahidi wake unatoka kwenye nishati, huhitaji ekwesheni za difrensho. Chukua nusu mzunguko, kitoroli kinatoka A₁ upande mmoja mpaka A₂ upande wa pili. Nishati ya springi ilikuwa ½kA₁², sasa ni ½kA₂². Iliyopotea imeliwa na msuguano F kwa umbali wa A₁ + A₂. Andika ½k(A₁² − A₂²) = F(A₁ + A₂), upande wa kushoto una tofauti ya vipeo viwili ambayo unaivunja kuwa (A₁ − A₂)(A₁ + A₂), kata kilicho pande zote, unabaki na A₁ − A₂ = 2F/k. Amplitudi yenyewe imetoweka kwenye jibu! Kila nusu mzunguko unapoteza 2F/k na mzunguko mzima 4F/k, basi, mpaka mwisho.

Kwako 4F/k ni sm 2, kwa hiyo F = 0.02 × 20 / 4 = 0.1 N. Linganisha na ile ya hewa, ni kama mara themanini hivi. Ukigawanya kwa uzito wa kitoroli, 4.9 N, unapata mgawo wa msuguano wa 0.02, namba ya kawaida kabisa kwa magurudumu madogo.

Na ile sm 0.3 usiifute!! Springi ina uwezo wa kukisogeza kitoroli kikiwa kimesimama pale tu kani yake inapozidi msuguano, yaani pale umbali unapozidi F/k, ambayo kwako ni sm 0.5. Ndani ya hapo kitoroli kikisimama kimesimama, springi inavuta kidogo na msuguano unashika. Sasa fuata mwenyewe: kutoka 2.3 kulia kinapoteza 1 kinafika 1.3 kushoto, kinapoteza 1 tena kinafika 0.3 kulia, pale springi inavuta kwa 0.06 N na msuguano unaweza kushika mpaka 0.1 N, mchezo umekwisha. Kimesimama palepale kilipotakiwa kusimama. Rula haina kosa.

toroli_la_maabara:
Aisee. Hiyo ya 0.3 imeniacha mdomo wazi, nilikuwa karibu kuisahihisha kwenye jedwali iwe sifuri. Ahsante sana mkuu. Na muda je? Mbona haubadiliki?

mchora_grafu:
Muda kwenye msuguano mkavu haubadiliki hata chembe, na sababu yake ni nzuri: ndani ya kila nusu mzunguko kani ya msuguano ni namba isiyobadilika, na kani isiyobadilika ukiiongeza kwenye springi inahamisha tu sehemu ya katikati ya mtetemo, haigusi k wala m. Ni sawa na springi inayoning'inia wima, uzito unashusha sehemu ya kutulia lakini muda unabaki uleule. Hapa tofauti ni kwamba katikati inaruka, kitoroli kikienda kushoto katikati iko sm 0.5 kulia, kikirudi kulia inakuwa sm 0.5 kushoto.

Ila usije ukasema "muda haujabadilika kwa hiyo ni msuguano mkavu", hapo utajifunga. Hata ile dampingi ya kitabu inabadilisha muda kidogo mno. Fomula ni ω' = √(ω₀² − γ²), ω₀ ni ya bila dampingi na ω' ni ya ikiwepo dampingi. Tuseme amplitudi inashuka mpaka asilimia 80 kila mzunguko, ukipiga hesabu muda unaongezeka kwa asilimia 0.06. Hata ikishuka nusu kila mzunguko, kitu ambacho kwa macho kinaonekana kama kinakufa, muda unaongezeka kama asilimia 0.6 tu. Video ya simu ya fremu 30 kwa sekunde haiwezi kuona hiyo kwenye mzunguko mmoja. Walimu wanasema "dampingi inabadilisha frikwensi" halafu wanaishia hapo, mwanafunzi anatoka anadhani atauona mtetemo ukichoka na kwenda taratibu. Kinachochoka ni amplitudi.

upepo_mkali:
Sawa kwenye kitoroli msuguano umeshinda, magurudumu yale. Lakini hewa msiitupe. Chukua pendulumu, funga kadibodi pana kwenye mpira, hapo hakuna gurudumu na hewa ndo bosi, na haitoki eksponenshali wala mstari.

mchora_grafu:
Hapo nakubali kabisa na ndo inakamilisha picha. Swali la kujiuliza ni nishati kiasi gani inapotea kwa mzunguko mmoja ukilinganisha na amplitudi. Nishati yenyewe inakwenda na A².

Msuguano mkavu: kani haibadiliki, umbali unakwenda na A, kwa hiyo kinachopotea kinakwenda na A. Amplitudi ikiwa ndogo msuguano unakula sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki, ndo maana namba zako zilitoka 0.80 zikaporomoka mpaka 0.52, na ndo maana mtetemo unakufa kabisa badala ya kuendelea kufifia.

Mnato, ule wa F = −bv: kani inakwenda na A na umbali unakwenda na A, kinachopotea kinakwenda na A², yaani ni sehemu ileile ya nishati kila mzunguko. Hiyo peke yake ndo inazaa eksponenshali. Kwa hesabu haufiki sifuri kamwe.

Hewa kwa kasi kipeo cha pili: kinachopotea kinakwenda na A³. Amplitudi ikiwa kubwa inaliwa haraka, ikiwa ndogo hewa inakaribia kuisahau, unapata mkia mrefu sana. Hapo kinachoongezeka kwa mstari ulionyooka ni 1/A.

Kwa hiyo mtu akikupa data ya mtetemo na hujui kinachoupunguza, chora A, chora logi ya A, chora 1/A, zote dhidi ya namba ya mzunguko, uone ipi inanyooka. Kitabu kinachagua −bv kwa sababu ekwesheni yake inatatulika vizuri kwa kalamu, na kwa kitu kidogo kinachokwenda polepole ndani ya kimiminika ni kweli kabisa, Stokes alishalishughulikia hilo mwaka 1851 kwenye kazi yake ya pendulumu, tufe linapata 6πηrv (η ni mnato wa kimiminika, r ni nusu kipenyo cha tufe). Tatizo ni pale watu wanapobeba fomula ya tufe ndani ya mafuta na kuivika kitoroli cha magurudumu.

swali_dogo:
Samahani naingilia, mimi niko nyuma yenu kidogo. Kuna ile dampingi ya kritiko, tuliambiwa ndo inarudisha kitu katikati haraka kuliko zote bila kupitiliza. Sasa mbona ukiongeza dampingi zaidi ya hapo kinachelewa? Dampingi si inaondoa nishati? Ukiondoa nishati haraka zaidi si kitu kitulie haraka zaidi?

shokapu_za_gesi:
Swali zuri na wengi wanakariri jibu bila kulielewa. Dampingi inaondoa nishati ya mwendo, lakini mwanzoni nishati yote iko ndani ya springi iliyovutwa. Ili itoke lazima kitu kisogee kwanza, na wewe umekijaza mnato mzito hakisogei! Nishati inayopotea kwa sekunde ni bv², ukiongeza b ukaua v unapata hasara.

Chukua namba zilezile za jamaa, m 0.5 na k 20, tuseme sasa ni mnato mtupu. Kritiko inapatikana pale b = 2√(mk), yaani 6.3 kg/s. Hapo umbali unafifia kwa muda wa kama sekunde 0.16, hiyo ndo skeli yake. Sasa zidisha b mara tano. Ekwesheni inakupa mizizi miwili, yaani kasi mbili za kufifia, mmoja unafifia haraka mno, kama 63 kwa sekunde, mwingine unajivuta kwa 0.64 kwa sekunde, na huo mzembe ndo unaobaki na kukutesa, skeli yake ni sekunde 1.6. Umeongeza dampingi mara tano ukapata uchelewaji mara kumi. Ukiendelea kuongeza, ule mzizi mzembe unakaribia k/b, maana yake springi inasukuma polepole dhidi ya uji na masi haina habari tena.

Alafu kwenye kazi halisi ni mara chache mtu anataka kritiko kamili. Mshale wa mita mara nyingi unawekwa kwenye kama 0.7 ya kritiko, unapitiliza kwa asilimia 4 au 5 hivi halafu unatulia ndani ya kiwango unachotaka mapema kuliko wa kritiko. Shokapu za gari za kawaida nazo ziko chini ya kritiko kwa makusudi, ukizifanya kritiko gari linakuwa gumu, kila jiwe unalihisi mgongoni. Ndo maana ukibonyeza kona ya gari na kuachia inapanda, inashuka kidogo na kutulia. Ikiendelea kudunda dunda hapo mafuta ya shokapu yamekwisha.

swali_dogo:
Nimeelewa sasa, ahsante. Na je inaweza kuwa hasi? Yaani b hasi, amplitudi ikaongezeka yenyewe?

shokapu_za_gesi:
Inaweza na inatokea. Kwenye hesabu γ inageuka alama, badala ya kufifia mtetemo unakua mpaka kitu kingine kiuzuie au kivunjike. Nishati lazima itoke mahali, hautoki hewani hivi hivi.

Au tuseme wakati mwingine inatoka hewani kweli 😂 daraja la Tacoma Narrows kule Marekani, tarehe 7 Novemba 1940, upepo wa kama kilomita 64 kwa saa, likajipinda mpaka likaanguka. Vitabu vingi vinasema resonansi, yaani upepo ulipiga kwa frikwensi ya daraja. Upepo ulikuwa unavuma tu mfululizo. Ilivyokuwa ni kwamba daraja likijipinda linabadilisha jinsi hewa inavyopita juu na chini yake, na hewa nayo inasukuma kuongeza msokoto uleule, kila msokoto unaingiza nishati kuliko inayopotea. Hiyo ndo dampingi hasi.

Lingine ni Millennium Bridge la London, la watembea kwa miguu, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye kwa sababu lilikuwa linayumba pembeni. Watu wakiyumbishwa wanapanua miguu kutafuta balansi, na katika kufanya hivyo wanalisukuma daraja zaidi. Wakiwa wachache dampingi ya daraja inawameza, wakizidi idadi fulani jumla inakuwa hasi na linaanza kucheza. Dawa yake haikuwa kulijenga upya, waliweka vizuia mtetemo, vya kimiminika na vya masi inayocheza, likafunguliwa tena mwaka 2002.

upepo_mkali:
Kwa hiyo hewa imerudi kwenye mada kwa mlango wa nyuma 😎

toroli_la_maabara:
Hahaha. Jamani swali la mwisho. Msimamizi kakubali maelezo ya msuguano mkavu ila anataka na grafu ya eksponenshali kwenye ripoti, na vifaa ni vilevile. Nifanyeje, nikitumbukize kitoroli kwenye mafuta?

mchora_grafu:
Una reli ya aluminiamu, tumia sumaku. Bandika sumaku zenye nguvu chini ya kitoroli ziwe karibu na reli bila kuigusa, milimita chache tu. Zikitembea zinazalisha mikondo ya umeme ndani ya aluminiamu na mikondo hiyo inazipinga, na kwa kasi ndogo kama zako kani inalingana na kasi, yaani ile −bv ya kitabu bila mafuta wala uchafu. Ukizisogeza karibu zaidi na reli b inapanda, kwa hiyo una kitasa cha kuongeza na kupunguza. Hakikisha hakuna skrubu wala pini za chuma kwenye reli maana sumaku itazivuta na mtetemo utakuwa wa ajabu. Na pima masi upya, sumaku nazo zina uzito.

Ila ujue msuguano mkavu bado upo palepale. Amplitudi ikiwa kubwa sumaku inatawala, ikiwa ndogo kasi imeshuka, sumaku imelegea lakini 0.1 N ya magurudumu haijapungua, kwa hiyo mkia wa grafu ya logi utapinda kwenda chini. Usichore mstari mmoja kupita kwenye pointi zote.

Njia safi zaidi: chora amplitudi inayofuata dhidi ya iliyotangulia, yaani 8.2 dhidi ya 10.3, 6.3 dhidi ya 8.2, hivyo hivyo. Kama una mnato na msuguano mkavu kwa pamoja unapata mstari ulionyooka, mteremko wake ni e^(−γT), T ni muda wa mzunguko mmoja, na pale unapokata mhimili chini ya sifuri ndipo unapotoa F ya msuguano mkavu. Data yako ya kwanza ukiichora hivyo, kutoka pointi ya kwanza mpaka ya mwisho ni 5.9 gawanya kwa 5.9, mteremko 1 kamili, mnato hauonekani kabisa. Ukiweka sumaku mteremko utashuka chini ya 1 lakini ule mkato utabaki upande wa hasi, ukiwa mdogo kidogo kuliko wa mwanzo, maana sasa ni (F/k)(1 + q)² ambapo q ni mzizi wa huo mteremko. Weka grafu zote mbili kwenye ukurasa mmoja na umuonyeshe F imetoka ileile.

toroli_la_maabara:
Sumaku zipo kwenye spika mbovu hapa. Naenda kuzichomoa.

shokapu_za_gesi:
Za spika nyingi ni za feraiti, pana na dhaifu. Tafuta hadidiski mbovu ya kompyuta, ndani kuna sumaku mbili za neodimiamu, na angalia vidole maana zikikutana hazikusubiri.